Nilihesabu Magari, Nikasahau Upepo

Kiwanja cha kusubiria magari kilicho ubavuni mwa shule, pale Kilindoni, nilikichora mimi. Kalamu ilikuwa yangu, hesabu zilikuwa zangu, na ile sentensi iliyofunga mjadala niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Kuhusu hewa, hakuna tatizo, upepo wa bahari unatosha." Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwasikia watu barazani wakiwalaumu madereva kwa vumbi na moshi wa pale, nami nimekaa hapo hapo na kikombe changu cha kahawa, nikijifanya mgeni wa habari. Madereva walisimama nilipowaambia wasimame. Lawama ni yangu.

Kwa asiyekijua kisiwa chetu, nieleze kwanza kinavyosafiri. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, ng'ambo ya delta ya Rufiji. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 46,438. Ile ya 2022 ilitukuta tumepita 66,000. Mji ni Kilindoni, upande wa magharibi unaotazama bara. Gati liko hapo, soko liko hapo, uwanja wa ndege uko hapo hapo mjini. Lami inakwenda Utende, kama kilomita 15, kwenye Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa 1995 na hoteli za wageni wanaokuja kuzamia. Barabara ya kaskazini, ile ya Kirongwe na Bweni hadi mnara wa taa wa Ras Mkumbi, wakati nafanya kazi hii ilikuwa ya udongo na kifusi. Saruji, mabati, unga, soda na dizeli vinavuka kutoka Nyamisati, upande wa bara, na kushukia Kilindoni. Nazi, samaki na pweza wanaokwenda Dar es Salaam nao wanapitia mlango huo huo.

Kwa hiyo boti inapokaribia, kisiwa kizima kinakusanyika mahali pamoja. Yanakuja malori, zinakuja kirikuu na toyo za mizigo, bajaji, bodaboda na mikokoteni. Kabla ya kiwanja changu, vyote hivyo vilijipanga kwenye barabara ya kushukia gatini, vikizibana, mabishano yakipamba moto. Wenye magari wakachoka. Wakanijia, kwa kuwa nilisomea mipango ya miji Dar es Salaam na mtaani wananiita Injinia, jina nisilostahili. Waliniomba kitu kimoja: nitafute mahali pa kusubiria, nichore, niandike maelezo ya kupeleka kwenye vikao.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilisimama njia ya gatini na daftari la mistari, nikichora vijiti vinne na cha tano kuvikata, safu moja ya malori, nyingine ya bajaji, nyingine ya pikipiki. Nilifanya hivyo wiki nzima, Jumatatu hadi Jumapili, kama kitabu kinavyotaka, maana kitabu kinaamini kwamba wiki moja ya kawaida inawakilisha mwaka. Matokeo yalinifurahisha kwa usafi wake. Kwa wastani wa siku zote saba, magari yalianza kukusanyika alfajiri, yakafurika saa kumi na mbili asubuhi, na kabla kengele ya shule haijagongwa yalikuwa yameshapakia na kuondoka. Nikachora mstari wenye mlima mmoja, mzuri, mapema asubuhi. Nikaandika kwamba kiwanja kilicho jirani na shule hakitawasumbua wanafunzi, kwa sababu magari na watoto hawatakutana.

Wiki ile mwezi ulikuwa mpevu. Niliuona kila usiku nikirudi nyumbani, na sikuuingiza kwenye daftari.

Mtu yeyote aliyewahi kusubiri boti Nyamisati anajua ninachokusudia. Nyamisati iko ndani ya mikoko ya delta, msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote nchini, na vijito vyake vinataka maji ndipo chombo kipite. Katika pwani yetu bamvua huinua maji zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa. Hivyo abiria haulizi boti inaondoka saa ngapi. Anauliza maji yanajaa saa ngapi. Na maji hayafuati saa ya ukutani. Kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Ukizidisha kwa siku saba unapata karibu saa sita. Boti zilizoondoka usiku wa manane wiki ya mwezi mpevu na kutufikia alfajiri, wiki inayofuata zinaondoka jua limeshapanda na kutufikia mchana, watoto wakiwa madarasani, wengine uwanjani kwenye mapumziko.

Mlima wangu wa alfajiri, kwa hiyo, ulikuwa unatembea. Kwa wiki mbili ulipita juu ya saa zote za masomo, kisha ukarudi alfajiri, kisha ukaanza safari tena. Kama ningehesabu wiki mbili badala ya moja, au ningeangalia siku moja moja badala ya wastani, ningeuona. Kama ningemuuliza mpagazi yeyote pale gatini, angeniambia bila daftari. Nami ni mtoto wa nahodha. Nimelelewa na baba aliyepanga hata harusi za watoto wake kwa kuangalia bamvua na maji mafu, nikaenda chuo, nikarudi nikipima kisiwa kwa Jumatatu na Jumanne.

Kosa la pili lilikuwa la upepo. Nilifanya kazi ile Julai, kusi likiwa limeshika. Kusi linatoka kusini na kusini-mashariki. Kiwanja nilikiweka kaskazini-mashariki mwa shule. Vumbi lote likawa linasukumwa kwenda mashambani, kwenye minazi. Nilisimama penye uzio wa shule, nikainua uso, nikasikia hewa safi ya chumvi, nikaridhika. Sentensi yangu ya "upepo wa bahari unatosha" ilizaliwa pale, kwa pua yangu. Sikushika chombo chochote cha kupimia.

Kila mvuvi wa Mafia anajua kwamba kusi haliishi hapa mwaka mzima. Linafika na masika, linatawala katikati ya mwaka, kisha yanakuja maleleji, upepo usiojua unataka nini, na kuanzia Desemba inaingia kaskazi, ikivuma kutoka kaskazini-mashariki mpaka karibu na Machi. Sasa chukua ramani yangu uiweke chini ya kaskazi. Kiwanja kiko juu ya upepo, shule iko chini yake. Januari mvua za vuli zimeshaondoka, ardhi imekauka, shule imefunguliwa, na kila lori linalogeuza linatifua kifusi na kukituma moja kwa moja madirishani. Madirisha yenyewe ni ya nondo na mbao: ukifungua, vumbi, ukifunga, giza na joto.

Kuna moshi pia. Nilidhani magari yakisubiri huwa yamezimwa. Hayazimwi. Nilipowauliza madereva baadaye, jibu lilikuwa moja: betri. Lori kuukuu likizimwa linaweza kukataa kuwaka mpaka lisukumwe, na boti ikifika wa kukusukuma hayupo, kila mtu ana mzigo wake. Basi injini inaachwa ikiunguruma saa nzima, wakati mwingine zaidi, boti ikichelewa. Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kumletea binadamu saratani. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo. Niliisoma nikidhani inahusu Ubungo na Kariakoo.

Nieleze vumbi lenyewe, kwa sababu hapo ndipo ujinga wangu ulikuwa na kina. Vumbi tunaloliona likitua mezani ndilo afadhali: pua inalizuia, kikohozi kinalitoa. Hatari zaidi ni chembe zenye upana usiozidi sehemu mbili na nusu za milimita iliyogawanywa mara elfu moja, zile wataalamu wanazoita PM2.5, ambazo hupita pua na koo hadi mwisho wa mapafu na kuingia kwenye damu. Moshi wa injini umejaa hizo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza miongozo yake: wastani wa mwaka wa chembe hizo usizidi mikrogramu 5 katika mita ya ujazo ya hewa, na wa saa 24 usizidi 15. Kwa chembe kubwa kidogo, PM10, ambamo vumbi la barabarani limo kwa wingi, wastani wa saa 24 ni 45. Tanzania nayo ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za viwango vya hewa za 2007. Yote hayo yalikuwepo au yalikuwa njiani nilipokuwa naandika kwamba hakuna tatizo.

Sasa nifike mahali ninapoona aibu zaidi, kwa sababu makosa ya maji na upepo mtu anaweza kuyaita ya kusahau. Palikuwa na eneo lingine, upande wa pili wa njia, mbali na shule, ambalo kusi na kaskazi vyote vingelipitisha vumbi lake pembeni. Niliona tangu siku ya kwanza kwamba linafaa. Lakini lilikuwa na minazi. Na mwana pwani anaelewa: ardhi ni habari moja, mnazi ni habari nyingine. Mnazi una mwenyewe, na mwenyewe akifa una warithi, na warithi wametawanyika, mmoja yuko Chole, mwingine Mbagala, mwingine Tanga hajaonekana tangu arobaini ya baba. Kila mti unataka fidia yake na kila fidia inataka kikao chake. Niliona miezi ya vikao mbele yangu, nikaona uwanja wa jirani ya shule hauna hata mti mmoja, nikachagua usingizi wangu. Baadaye ndipo nikatafuta sababu za kitaalamu. Mstari wenye mlima wa alfajiri ulinijia kama zawadi, na zawadi haikaguliwi.

Aliyeniumbua ni mwalimu mkuu wa shule ile. Alinikuta njiani, mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, kaskazi ikiwa kali.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Injinia, una nafasi kesho? Njoo unisaidie kufundisha hesabu."

Nilikwenda. Juu ya ubao wa dirisha la darasa la nne aliweka sahani nyeupe ya bati, akaifuta kwa kitambaa mbele yangu, akaendelea kufundisha. Nje malori yalikuwa yanaingia. Boti ilitarajiwa mchana. Kipindi kilipokwisha alinipa ile sahani, akaniambia niandike jina langu kwa kidole. Niliandika. Herufi zilisomeka kutoka mlangoni. Watoto walicheka, na mmoja wa kiti cha mbele alicheka mpaka akabanwa kifua, akatolewa nje na mwenzake aliyezoea kazi hiyo. Pumu alikuwa nayo kabla ya kiwanja changu, mwalimu akaniambia, ila zamani ilikuwa inampata msimu wa baridi. Sasa inafuata boti.

"Hesabu zako, baba, ulizifanya mwezi wa ngapi?" akauliza.

Ningejibu "wa saba", maungamo haya yangekuwa mafupi. Nilimjibu kwa lugha ya ripoti. Nilimwambia kuhusu wastani, kuhusu saa za msongamano, kuhusu wiki ya kawaida. Nilimwambia vumbi ni jambo la msimu, litapita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ambayo sikustahili, akachukua sahani yake, akaenda kuiosha. Ilinichukua msimu mwingine mzima wa kaskazi kukubali kwamba yeye, kwa sahani ya bati, alikuwa amefanya kipimo cha hewa, na mimi sikuwa nimefanya chochote.

Nimejiuliza sana ni kwa nini kosa hili lilinijia kirahisi. Sehemu ya jibu ni namna tunavyofundishwa. Mpango wa usafiri unaanza na magari: ni mangapi, yanakwenda wapi, yanachelewa dakika ngapi. Hewa inakuja mwishoni, kwenye ukurasa wa mazingira, mtu akiwa ameshachoka na michoro imeshakubaliwa. Hata mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza Mei 2016 katika njia ya kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, watu waliyapigia hesabu ya dakika za safari zinazookolewa. Kwamba basi moja kubwa likichukua nafasi ya daladala kadhaa kuukuu kuna mapafu yanayopumzika, hilo lilisemwa, lakini kwa sauti ya chini.

Wengine wamelazimishwa kugeuza mpangilio huo. Marekani, tangu marekebisho ya 1990 ya sheria yao ya hewa safi, eneo lenye hewa chafu haliwezi kupewa fedha za serikali kuu kwa mpango wa barabara mpaka lionyeshe kwa hesabu kwamba mpango huo unakubaliana na mpango wa kusafisha hewa. Hewa inaulizwa kwanza, lami baadaye. Karibu zaidi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walianzisha AirQo mwaka 2015, wakatengeneza vipimo vya bei nafuu vinavyovumilia vumbi na joto letu, wakavifunga juu ya majengo na hata kwenye bodaboda za Kampala. Walitambua kwamba mji usiojipima utaendelea kubishana. Mimi niliona mambo hayo ni ya miji ya mamilioni ya watu. Nilidhani uchafu wa hewa unaanza pale foleni inapoanza, na kisiwa kisicho na taa hata moja ya barabarani ya kuongoza magari hakihusiki. Lakini mtoto havuti wastani wa wilaya. Anavuta hewa iliyo dirishani mwake saa ile, na malori machache yaliyo mita chache kutoka dirishani yanamtosha.

Nilipokubali kosa nilianza kulirekebisha, na kurekebisha kumenifundisha gharama yake. Kumwaga maji kulishindikana siku za mwanzo: kisima cha maji baridi kina foleni ya ndoo za watu, na maji ya chumvi yanakula bati na chasisi, wenye magari hawakutaka kusikia. Miti ya kuzuia upepo ilipandwa, lakini mti hauharakishwi. Lililofanya kazi mara moja halikuwa la kihandisi. Tulikubaliana na vijana wa Nyamisati wapige simu chombo kikitoka mdomoni mwa mto, ili magari yasije saa tatu kabla, na yakija yasimame upande wa minazi barabarani mpaka boti ionekane. Dereva mwenye betri nzima anazima. Mwenye betri mbovu anakaa mwisho kabisa wa mstari, mbali na shule. Kilipokuja kivuko cha MV Kilindoni, kinachobeba watu, mizigo na magari, utaratibu huo tuliuendeleza, maana nacho hakiwezi kubishana na maji.

Kiwanja chenyewe hatimaye kinahama. Kinakwenda pale pale nilipopakimbia, kwenye minazi. Vikao nilivyoviogopa sasa ninavikalia mwenyewe, bila malipo, na wala si vibaya kama nilivyodhani. Mrithi wa Tanga alipatikana kwa simu ya kwanza. Mmoja wa wenye miti, bibi wa makamo ya mama yangu, alinisikiliza nikieleza kuhusu shule na kaskazi, kisha akaniuliza kwa nini sikumwendea tangu mwanzo; wajukuu zake wanasoma darasa lile. Sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa lile la kweli, kwamba nilimwona yeye kuwa usumbufu. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nilete karatasi, tuhesabu miti.

Mwalimu mkuu amestaafu. Nilikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake na akanisamehe kabla sijamaliza, jambo ambalo halinipunguzii deni kwa watoto waliosoma miaka ile na kuondoka. Lakini aliniagiza jambo, nami nalitimiza kwa kuandika haya: niwape wengine swali alilonipa mimi. Unayekaa kwenye kamati ya kijiji, ya shule, ya soko, siku moja mtaalamu atakufungulia ramani na jedwali safi. Muulize alihesabu mwezi wa ngapi, maji yalikuwa yanajaa saa ngapi, na upepo ulikuwa unatoka wapi. Muulize pia ni eneo gani aliliacha na ni usumbufu wa nani aliokuwa anaukwepa. Akianza kukujibu kwa wiki ya kawaida, usitie sahihi.